Shamba Lililokataa Kuachwa

Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Aprili, saa mbili na nusu asubuhi, Mokeira alikuwa katikati ya michai yake, kikapu mgongoni, alipoiona nyumba ya Nyanchama ikipanda juu. Hakushangaa. Nyumba hiyo ilikuwa inapanda tangu yeye alipoolewa hapo. Ilianza ikiwa ya udongo, ikapata simiti, ikapata mabati ya rangi, na juzijuzi ikapata dishi la televisheni. Kila ilipopanda, Mokeira aliumwa na kitu chini ya mbavu, upande wa kushoto. Akaendelea kuchuma. Alipoinua macho tena, nyumba ilikuwa imekuwa ndogo kama kibanda cha kuku, na hapo ndipo alipotambua kwamba nyumba ya Nyanchama ilikuwa imetulia palepale. Ni yeye aliyekuwa akishuka.

Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na mbili bila kupumua, na kilima cha Riamoni kilikuwa kimelowa kama andazi ndani ya chai. Sasa shamba la Mokeira, ekari moja na robo, lilikuwa limejing'oa na kuanza kuteremka na kila kilichokuwa juu yake: michai, migomba, nyumba ya vyumba viwili, zizi na ng'ombe wawili, choo, na kaburi la marehemu mumewe Ombati lenye msalaba wa simiti. Liliteremka polepole, kwa adabu. Kuku hawakuacha kuparura. Njiani Mokeira aliwapita watu aliowafahamu, wakamwamkia kwa Kigusii naye akawaitikia, akiona haya kidogo kukatiza mashamba ya wenyewe bila kuomba ruhusa, tena akiwa na gambuti miguuni.

Kufikia saa tano shamba lilikuwa limevuka kijito na kukaa kwenye bonde la nyasi ambalo halikuwa la mtu. Watu wa kilimani huuita upande wao kaunti ya juu, na ule wa ng'ambo ya kijito kaunti ya chini, nasi tutaziita hivyohivyo tusije tukagombana na mtu. Mokeira akamimina majani yake guniani, akaenda kukata mkungu wa ndizi awapelekee majirani wapya. Huwezi kuhamia kwa watu mikono mitupu.

Juu kilimani lilibaki shimo. Nyumba ya Nyanchama ilisimama ukingoni kwa muda wa dakika kumi hivi, ikainama, ikaingia shimoni na dishi lake. Mwenyewe alikuwa sokoni Kebirigo. Hakuna aliyekufa, hata paka alitoka.

Wanawake hawa wawili walikuwa wameolewa na ndugu wawili, na huku kwetu wake wa ndugu huitana wake wenza hata kama kila mmoja ana mume wake. Kwa hiyo wivu wa Mokeira haukuwa wa mwanamume. Ulikuwa wa mabati, wa maziwa ya ng'ombe wa gredi, wa Josiah, mwana aliyesomea ualimu, wa nani aliyeombwa kuongoza maombi siku ya Sabato. Na Nyanchama hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililomkera zaidi. Angekuwa mbaya, kazi ya kumchukia ingekuwa nyepesi.

Wiki mbili baada ya maporomoko, chifu aliita baraza katika uwanja wa shule ya msingi, pale walipolala waliobomokewa. Alisoma tangazo kwamba familia zote zilizohamishwa na maafa zimesamehewa kodi ya ardhi kwa miaka mitano, na kwamba kila familia itapewa barua. Akasoma na mfano wa barua yenyewe. Ilianza hivi: "Pole kwa yaliyokupata."

Mokeira, aliyekuwa amesimama nyuma ya umati, alilisikia neno hilo likamwingia. Tangu ashuke, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amemwambia pole. Watu walikuja kumwona, ndiyo. Walisifu jinsi shamba lilivyokaa sawa, wakauliza kama nyumba imepata ufa, wakajibiwa kwamba ni mmoja tu mdogo nyuma ya mlango, wakaondoka na ndizi. Pole zote za kilima zilikwenda kwa Nyanchama, pamoja na blanketi na unga. Tuseme ukweli, kodi yenyewe Mokeira angeilipa kwa kujibana, akiuza mkungu hapa na debe la viazi pale. Alichokitaka ni ile karatasi. Aliitaka yenye muhuri, yenye neno pole, na jina lililoandikwa pale juu liwe lake, lisiwe la mke mwenza wake.

Ikatangazwa kwamba afisa wa tathmini atapita Jumatano. Sasa hapo ndipo Mokeira alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la malezi. Mama yake alimfunza kwamba mgeni hapokelewi kwenye nyumba chafu, sembuse mgeni wa serikali. Siku ya Jumanne alikanda mavi ya ng'ombe na udongo mwekundu, akasiriba sakafu na kuta mpaka zikapendeza, na ule ufa nyuma ya mlango akauziba vizuri. Akafagia uwanja ukabaki na mistari ya ufagio. Akatandika vitambaa vyake vya kufuma juu ya viti. Jumatano asubuhi akachinja jogoo, akasonga ugali wa wimbi, akachemsha mboga za chinsaga na maziwa, kisha akavaa rinda la kanisani na kungoja.

Afisa aliitwa Machogu, mtu mpole mwenye tumbo dogo na faili kubwa. Alinawa, akala, akaongezwa, akanywa chai vikombe viwili. Kisha akafungua faili.

"Mama, ulihama kutoka kwa shamba lako?"

"Sikuhama. Shamba ndilo lilihama."

"Lakini wewe uko kwa shamba lako."

"Niko kwa shamba langu."

"Na nyumba sioni kama imepata ufa."

"Ufa ulikuwepo," alisema Mokeira, akajivunia kidogo. "Nilisiriba jana. Huwezi kuuona hata ukitafuta."

Machogu alitafuta, hakuuona. Akaandika: Hakuna dalili ya maafa, mhusika yuko nyumbani. Akashukuru kwa chakula, akapewa mkungu wa ndizi abebe, akavuka kijito kwenda kilimani.

Huko alimkuta Nyanchama ameketi ndani ya shimo juu ya sufuria iliyopinduliwa, amevaa leso iliyochanika. Nyanchama ana leso nzuri saba, Mokeira alikuwa amezihesabu. Hakupika kitu. Hakufagia kitu. Alimwonyesha afisa dishi lililopondeka, akalia, na wala hakuwa akiigiza, maana nyumba ilikuwa imekwisha kweli. Machogu naye akatoa kitambaa mfukoni akapangusa macho. Mahali pa kueleza chanzo cha maafa, akaandika: Shamba la jirani.

Barua ilitoka mwezi wa Juni. Sabato iliyofuata Nyanchama aliitwa mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Alikuwa ameifunika barua kwa plastiki ngumu isipate maji, akaisoma yote kwa sauti, kuanzia pole mpaka sahihi, pamoja na ile sehemu ya shamba la jirani. Waumini wakasema amina. Ulipoanza wimbo, Mokeira aliimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima, huku akitazama plastiki ile ikimetameta katika mkono wa mwenzake. Maumivu yakapanda kutoka chini ya mbavu mpaka kwenye sikio.

Juma hilo na yeye alipata barua. Alipata mbili. Kaunti ya juu ilimtaka alipe kodi kwa sababu hati ya shamba ilikuwa kwao. Kaunti ya chini ilimtaka alipe kwa sababu shamba lilikuwa kwao. Zote mbili zilianza na nambari ya kumbukumbu.

Alivaa tena rinda la kanisani, akaenda afisini kukata rufaa. Machogu alimpokea vizuri. Alimkumbuka, aliukumbuka hata ule ugali.

"Mama, mimi ningekusaidia," alisema. "Lakini sheria inasema aliyehamishwa ni mtu aliyeondoka kwenye ardhi yake kwa siku zisizopungua ishirini na moja. Wewe hujaondoka hata siku moja."

"Kwa hivyo nikiondoka siku ishirini na moja, nitapata barua kama ya Mama Josiah?"

"Kama yake kabisa."

"Na pole itakuwa ndani?"

Machogu alifungua faili akaangalia. "Pole iko kwa kila barua," alisema.

Mokeira hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimwachia msichana wa jirani kazi ya kukamua, akasimama kidogo kando ya kaburi la Ombati akamweleza anakokwenda na kwa nini, akafunga mlango kwa kufuli. Akaenda Kiogoro kwa dada yake Nyamusi, aliyekuwa na nyumba ya kupanga na kijibustani cha kabichi nyuma yake. Nyamusi hakuuliza maswali mengi. Alimtandikia godoro sebuleni, akamwambia achague mto.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Siku ya tatu Mokeira aliweka alama ya tatu kwenye kalenda, akalala kwa raha akiiona barua yake kichwani, imefunikwa kwa plastiki ngumu kuliko ya Nyanchama. Siku ya nne asubuhi Nyamusi alifungua mlango wa nyuma kwenda kumwaga maji, akarudi na beseni likiwa bado limejaa.

"Dada, ng'ombe wako wako kwa kabichi zangu."

Mokeira akatoka kuangalia. Michai ilikuwa imepangana kuanzia ukuta wa jikoni mpaka kwenye ua wa watu wa nyuma, migomba imesimama kando ya tangi la maji, na nyumba yake ilikuwa na kufuli lake mlangoni. Ombati alikuwa upande wa jua linakochomoza, kama alivyozikwa.

"Ni shamba limekuja," alisema.

"Naona. Basi liambie lisogee kidogo, limekalia bomba."

Wenye maduka barabarani walisema lilipita saa kumi na mbili alfajiri, na kwamba lilingoja kwanza lori la maziwa lipite. Mokeira alikamua ng'ombe, maana matiti yalikuwa yamejaa, akafungua nyumba, akafagia. Angefanya nini? Machogu alipopita kuhakiki siku zake, alimkuta mlangoni pake akichambua maharagwe. Akaandika kwamba mhusika amerejea nyumbani siku ya nne. Na kwa kuwa Kiogoro ni karibu na mji, ikaja barua nyingine ya kodi, safari hii kwa kiwango cha ploti za mjini.

Agosti ilipoanza, Nyanchama alikuja kumtembelea. Alikuwa amebeba mfuko wa mahindi mabichi na, katika mkoba, barua. Alitembea nayo kila mahali siku hizo. Mokeira alimwekea kiti chini ya migomba, akamletea chai, na macho yake hayakutoka kwenye mkoba.

Nyanchama alikaa muda mrefu akitazama michai. Alitazama na kaburi.

"Wewe una bahati, Mama Emily," alisema mwishowe. "Langu nimelilia miezi minne, halijageuka hata kidogo. Liko palepale, shimo tupu. Nimesamehewa kodi ya shimo. Na wewe unalala karibu na mume wako, wangu yuko Nairobi na simu hashiki."

Mokeira aliyasikia maneno hayo yote, na katika hayo yote hakusikia pole. Alisikia bahati. Basi kitu kilichokuwa kikimuuma miaka ishirini kikafungua kinywa chake na kusema kabla yeye hajakizuia.

"Tubadilishane."

"Nini na nini?"

"Nipe barua. Chukua shamba."

Nyanchama aliweka kikombe chini. Hakucheka, wala hakuuliza kama mwenzake ni mzima. Aliuliza kama ng'ombe wamo, akaambiwa wamo. Akauliza kuhusu Ombati.

"Ombati ni shemeji yako," alisema Mokeira. "Utampalilia tu."

Waliandikishana juu ya karatasi ya daftari, Nyamusi akawa shahidi, akatia sahihi na kurudi kwenye kabichi zake zilizosalia. Nyanchama akaitoa barua mkobani. Mokeira aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Aliisoma kuanzia juu, na alipofika kwenye jina la Nyanchama aliliruka akaendelea.

Kesho yake asubuhi aliondoka kwenda afisini wakambadilishie jina. Alimwacha Nyanchama akichuma chai kwa mikono yote miwili, uso umenawiri, akimwita ng'ombe kwa jina jipya. Mokeira hakuhisi kitu chini ya mbavu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Alitembea kwa miguu, barua kifuani, na kila aliyemsalimu njiani alimwonyesha.

Alipofika mtoni alisikia majani ya migomba yakipepea nyuma yake. Hakukuwa na upepo. Hakugeuka. Alikaza mwendo, na nyuma yake nako mwendo ukakazwa.

Machogu aliipokea barua dirishani, akaisoma mbele na nyuma.

"Mama, hii ina jina la mtu mwingine."

"Tulibadilishana. Yeye amechukua shamba." Akampa ile karatasi ya daftari.

"Ni sawa. Lakini shamba haliwezi kubadilishwa jina kabla kodi zake zote hazijalipwa, na barua haiwezi kubadilishwa jina kabla shamba halijabadilishwa." Machogu aliinua macho kwa huruma, akatazama nje ya dirisha la pili. Kule nyuma, kwenye kiwanja ambapo magari ya idara huoshwa, michai ilikuwa ikijipanga, na ng'ombe wawili walikuwa wakinywa maji ya kuoshea magari. "Na lile ni shamba la nani?"

"Ni la Mama Josiah."

"Mbona limekuja na wewe?"

Mokeira alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Sijui," alisema. "Mimi sikuliita."

Machogu akafungua faili, akaandika mahali shamba lilipo sasa kwa ajili ya kodi. Barua akairudisha kwa mjumbe ampelekee mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Kiogoro, ndani ya shimo jipya. Ardhi ilikuwa imeondoka chini yake akiwa ameinama, ikamwacha ameketi na kikapu cha majani mapajani, na bomba lililopasuka likimmwagia maji. Majirani walimtoa, wakampa pole, wakampa na chai. Nyamusi alimpa blanketi. Wa tathmini wakaja siku hiyohiyo, maana Kiogoro ni karibu, wakamkuta amelowa na hana hata pa kuegemea. Mtu aliyehamishwa na maafa mara mbili katika mwaka mmoja hakuwahi kuonekana kwenye mafaili yao, kwa hiyo hakuna aliyechelewesha kitu. Chanzo cha maafa: Shamba la jirani.

Nyanchama alimletea Mokeira habari mwenyewe, pale nyuma ya afisi, ambako Mokeira alikuwa amerudi kuchuma chai yake kwa kuwa majani hayangoji mtu.

"Nimekuja nikwambie kabla hujasikia kwa watu," alisema. "Wamenipatia barua ingine. Miaka kumi."

Mokeira alichuma, akatupa majani nyuma ya bega ndani ya kikapu. "Imeandikwa nini?"

"Ni kama ile ya kwanza tu."

"Mwanzo, Mama Josiah. Mwanzo imeandikwa nini?"

Nyanchama alitazama viatu vyake. "Imeandikwa pole sana."

Mokeira akafika mwisho wa mstari, akageuka akaanza mwingine. Chini ya mbavu palikuwa pamerudi kama zamani, tena na riba. Mwenzake alimsaidia kuchuma mpaka saa sita.

Mwezi wa Septemba Mokeira aliuza ng'ombe mmoja akalipa kodi ya mahali pote panne: kilimani lilipotoka shamba, bondeni lilipokaa, Kiogoro lilipomfuata, na kiwanja cha kuoshea magari. Alipewa risiti nne. Kila moja ilikuwa imeandikwa chini, kwa herufi ndogo, kwamba tunakushukuru kwa kulipa kwa wakati. Alizisoma zote akiwa amesimama palepale dirishani, watu wa foleni wakimsukuma. Kisha akazigeuza moja moja akaangalia nyuma. Hapakuwa na kitu.